Kura Nyekundu za Bwana Prewitt

Orla alikuwa akikamua mashuka mumewe Dermot alipoingia na habari mbaya. Bwana Prewitt, mwenye kiwanda cha chuma, alikuwa akigombea umeya. Enzi hizo huko Marekani kila chama kilijichapia karatasi zake za kura. Za Prewitt zilikuwa nyekundu, za mpinzani nyeupe.

"Kesho atasimama mlangoni pa kituo cha kura. Asiyeshika nyekundu atafukuzwa kazini na kwenye nyumba ya kiwanda."

"Basi shikeni nyekundu, baba Una. Ila niletee gunia la nyeupe, nina kazi nazo."

Asubuhi wafanyakazi mia tatu walipita na nyekundu mkononi. Prewitt alifurahi mno, akachukua moja kwa Orla aliyejitolea kuzigawa, akaitumbukiza sandukuni bila kuisoma.

Jioni matokeo yalitoka: Prewitt hakupata hata kura moja. Akaja mbio kwa Orla.

"Niliwaona wote na nyekundu!"

"Zilikuwa nyeupe za mpinzani, nilizichovya kwenye maji mekundu ya bitiruti, bwana. Na yako pia."

"Nitamfukuza kila aliyenipinga!"

"Sawa. Na wewe utahamia wapi?"

Prewitt akaondoka. Orla akapakua bitiruti, akahesabu vichwa: Dermot na watoto wao Fergal, Una na kichanga. Wote walikuwepo.