Siwema na Zimwi Lililomeza Maneno

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma hamjaitikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Fumu, toa kidole kinywani usikilize.

Palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Wanawake wa huko walichimba udongo mwekundu kwenye shimo lililo karibu na mto, wakafinyanga vyungu na mitungi. Miongoni mwao walikuwamo mashoga wawili, Siwema na Mwanakheri. Walichimba pamoja, walichoma vyungu pamoja, walicheka pamoja.

Siwema alikuwa na binti aitwaye Mize, na mtoto mwingine mchanga. Mwanakheri alizaa mara mbili, na mara mbili alizika. Kijiji kizima kilijua, na Siwema alijua kuliko wote, maana ndiye aliyemshika mkono siku zote mbili.

Siku moja Siwema alifika shimoni macho mekundu. Mtoto alikuwa anaota meno, hakumpa usingizi. Siwema akatupa jembe chini, akapiga mwayo, akasema:

"Shoga, wewe una bahati! Unalala mpaka asubuhi, huna wa kukulilia."

Neno likatoka. Na neno likishatoka, wanangu, halina mkia wa kulivutia nyuma.

Mwanakheri akatabasamu kidogo, lile tabasamu la kumsitiri mwenzio. Akafuta mikono, akajitwisha kikapu kikiwa nusu, akaenda zake.

Siwema akabaki pale. "Nimesema nini mimi? Nimesema nini mimi? Nimesema nini mimi?"

Nyumbani hakugusa ugali. Mumewe Makame akamwuliza, naye akamweleza.

"Basi nenda ukamtake radhi," Makame akasema.

"Nikienda nitamkumbusha, Baba Mize. Na kama hakulisikia vibaya? Si nitakuwa nimemtia kidonda mwenyewe?"

Hakwenda siku ile. Hakwenda kesho yake. Hakwenda na kesho kutwa. Kila alipokaa bila kwenda, kwenda kukawa kugumu zaidi.

Basi hofu ikamwingia. Akimsalimu jirani, anarudi nyumbani akijiuliza: nimemwambia amekonda, je, nimemuumiza? Akicheka na wifi yake, anajiuliza: nimecheka sana, je, ameona namcheka yeye? Kila neno alilitoa, akaligeuza, akalikuta na mwiba.

Siku moja alikwenda mtoni peke yake kuteka maji. Akasikia sauti laini ikiimba kwenye matete:

*"Nipe neno nikumezee,*
*chungu neno nikumezee,*
*mwenzio asiumie."*

Likatoka zimwi. Lilikuwa refu, limekonda, nywele mpaka magotini. Kinywa cha mbele kilikuwa kinacheka vizuri. Lakini kisogoni, chini ya nywele, lilikuwa na kinywa cha pili, kipana, kinatafunatafuna hewa.

"Usikimbie, Siwema," zimwi likasema. "Nyama sili. Mimi hula maneno. Nitakufuata nyuma, na kila neno linaloweza kumuumiza mtu nitalimeza kabla halijatoka."

"Na utataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu. Nikishiba, yatosha."

Siwema akamfikiria Mwanakheri na lile tabasamu lake. Akasema, "Meza."

Tangu siku hiyo zimwi likamfuata likijificha vichakani. Siwema akienda kwa jirani na kuonja mchuzi uliozidi chumvi, anafungua kinywa. Kimya. Neno limemezwa. Siwema akafurahi.

Mize akaleta chungu chake cha kwanza. "Mama, kizuri?" Kilikuwa kimepinda, naye Siwema alitaka kumwambia, "Kimepinda, mwanangu, njoo nikuonyeshe." Kimya. Mtoto akangoja, akangoja, kisha akakibeba chungu chake akaenda kulia nyuma ya nyumba.

Siku ya tatu, njiani, akakutana na Mwanakheri uso kwa uso. Mwanakheri akasimama. Akatua kikapu. Akamtazama, akangoja.

Siwema akafungua kinywa aseme, "Nisamehe." Kimya. Akajaribu, "Nilikosa." Kimya. Akajaribu, "Shoga yangu." Kimya!

Mwanakheri akainama, akajitwisha kikapu chake, akapita. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Siwema akaingia vichakani mbio, akalinyooshea zimwi mikono.

"Mbona unashangaa?" zimwi likasema. Sasa lilikuwa limenenepa, tumbo linaning'inia. "Ukimwomba radhi utamkumbusha. Ulisema mwenyewe."

Ndivyo alivyosema, kwa kinywa chake. Siwema akaona aibu, akarudi nyumbani na mzigo wake moyoni.

Mvua ikanyesha siku saba. Ilipokatika, Siwema alikwenda shimoni na mtungi wa maji kichwani. Akamkuta Mwanakheri chini kabisa, amempa mgongo, anachimba. Na juu ya Mwanakheri ukingo wa shimo ulikuwa umepasuka. Ufa ulikuwa mrefu, na udongo ulikuwa unadondoka kidogo kidogo, po, po, po.

"Toka!" Siwema alitaka kupiga kelele. Kimya. Zimwi lilikuwa nyuma yake, linatafuna.

"Kelele humshtua mtu," likasema.

Basi Siwema akautoa mtungi kichwani, akaurusha kwa nguvu zake zote. Ukapasukia miguuni pa Mwanakheri, kigae kikamchana mguu, damu ikatoka.

Mwanakheri akaruka. "Siwema! Hayo maneno yako hayakutosha, sasa wanipiga na mitungi?" Akapanda kutoka shimoni kwa hasira, mkono juu, amjie mwenzake. Hatua moja, mbili, tatu.

Puuu! Ukingo ukaanguka, ukafunika pale pote alipokuwa amesimama.

Mwanakheri akageuka, akatazama. Mkono wake ukashuka.

Zimwi likaangua kicheko mpaka likainama, nywele zikaanguka mbele, na kile kinywa cha kisogoni kikabaki wazi. Siwema alikuwa mfinyanzi, mikono yake ilijua kazi. Akachota bonge la udongo mbichi, akalikandika mle kinywani, akalisukuma kwa ngumi, akalilainisha kwa kidole gumba kama anayeziba ufa wa chungu.

Zimwi likapaliwa, likazunguka, likakimbilia kwenye matete likikohoa. Halikuonekana tena mpaka leo.

Sasa sauti ya Siwema ilikuwa imerudi. Na sasa hakuwa na zimwi la kulisingizia. Akamsogelea mwenzake.

"Shoga yangu," akasema. "Siku ile nilikuambia una bahati huna wa kukulilia. Nilikosa. Nisamehe."

Mwanakheri akakaa chini, akaushika mguu wake unaovuja damu. Hakusema, "Si kitu." Akasema:

"Liliniuma. Wa kwanza wangu alilia siku tatu tu. Ningetoa mikono hii nikisikie tena kile kilio." Akafuta damu kwa kiganja. "Lakini siku ile njiani nilikungoja, Siwema. Nilitua kikapu changu. Ile iliniuma zaidi."

Siwema akalia. Akachana upindo wa kanga yake, akamfunga mguu. Kisha, huku anaogopa, akauliza neno ambalo hakuwahi kuuliza miaka yote ile:

"Ulimpa jina?"

"Nilimpa."

"Nani?"

Mwanakheri akamtazama sana. Akalia kabla hajajibu, kwa hiyo hata neno hilo liliuma. Kisha akasema, "Mbaraka. Alikuwa na nywele nyingi. Kaa, nikusimulie."

Siwema akakaa.

Ulimi wake haukupona, wanangu. Uliteleza tena mara nyingi, na hofu ilimrudia mara nyingi. Ila siku ulipoteleza, siku hiyo hiyo alivaa kanga yake, akaenda kubisha hodi.

Hadithi yangu imeishia hapo, tamu yake mle, chungu yake mniachie mimi niliyeileta. Na mjue hivi: ukimuumiza mwenzio kwa neno usijifiche kwenye kimya, nenda ukamwambie umekosa. Nawe Fumu, usiniangalie mimi. Dada yako yuko jikoni.