Wakesho na Jirani Aliyekataa Kulipwa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Utuambie wewe!

Nitawaambia, lakini sogeeni. Aliye mlangoni aingie ndani, aliye na kikohozi akohoe sasa amalize. Hiki si kisa cha kupigiwa kelele.

Hapo kale, kale ya watu wanaotembea kwa miguu, palikuwa na mlima, na ubavuni mwa mlima palikuwa na nyumba mbili. Katikati ya nyumba hizo hapakuwa na ua wala mtaro. Kuku wa huku walidonoa kule, na wa kule walitaga huku, na hakuna aliyeuliza yai ni la nani.

Nyumba ya juu ilikuwa ya Mghoi na mumewe, Mwadime. Walikuwa watu wazima, watoto wao wameshaoa na kuolewa mbali. Nyumba ya chini ilikuwa ya Wakesho, mke kijana aliyeletwa kutoka upande mwingine wa mlima. Mumewe alichunga ng'ombe wa watu huko nyikani, na kurudi kwake nyumbani kulikuwa kwa nadra. Wakesho hakuwa na mama pale, hakuwa na dada, hakuwa na shangazi. Alikuwa na Mghoi.

Kila asubuhi Mghoi alisimama uani kwake akaita, "Wakesho, kumekucha?"

Naye Wakesho akajibu, "Kumekucha, mama."

"Umeamkaje?"

"Salama, mama."

Basi. Hayo tu. Mtu angepita njiani angesema hawa hawana la kusema. Lakini nyinyi mnajua. Kuna siku mtu hana haja ya kitu chochote isipokuwa kuulizwa ameamkaje.

Siku moja Mghoi aliita, "Wakesho, kumekucha?" Kimya. Akaita tena, kimya. Akaita mara ya tatu, halafu hakungoja. Aliacha chungu jikoni, akashuka, akasukuma mlango.

Wakesho alikuwa amejifungua peke yake, na homa imemshika. Mtoto wa kike analia pembeni, mama hana nguvu ya kumnyanyua. Maziwa hayatoki.

Mghoi hakupiga yowe. Alimfunga mtoto kifuani, akawasha moto, akachemsha maji. Alikuwa na mbuzi mwenye maziwa, basi yale maziwa yakawa ya mtoto, tone baada ya tone, kwa kijiko cha kibuyu. Uji ukawa wa mama. Mwadime naye, bila kuambiwa, akachukua jembe akalima shamba la Wakesho kwanza, la kwake baadaye, na mvua ikamkuta hajamaliza la kwake.

Homa ile ilikuwa ndefu. Mghoi alipika uji, akalisha, akaosha. Akapika tena, akalisha, akaosha. Watu wakamwambia atachoka bure, huyu si mtu wa kupona. Mghoi akapika, akalisha, akaosha.

Wakesho akapona. Mtoto wakamwita Mkamburi, na maneno yake ya kwanza aliyasemea mgongoni kwa Mghoi.

Mko nami?

Tuko nawe.

Haya. Ukaja mwaka wa jua. Mvua haikunyesha, ikapita misimu haikunyesha. Shamba la Mwadime, lile lililolimwa kwa kuchelewa, halikuwaachia akiba ghalani. Wale waliolima mapema walikuwa na kidogo cha kujikongoja. Wakesho alikuwa na kidogo. Alikwenda kwa Mghoi na Mwadime, akawaambia wasihame, wagawane.

Mghoi alilitazama ghala la Wakesho, akamtazama mtoto. Alisema hapana. Alisema wao wamesikia habari za mlima ule mwingine, ng'ambo ya nyika, kule bado kuna kijito. Wangekwenda hadi mvua irudi, halafu nao wangerudi.

Wakaondoka asubuhi. Wakesho aliwasindikiza mpaka nyika ilipoanzia, akasimama pale hadi watu wawili wakawa vijiti viwili, na vijiti vikawa vumbi.

Mvua ilirudi. Wao hawakurudi.

Ghala la Wakesho likajaa. Mumewe akaacha kuchunga ng'ombe wa watu, akakaa nyumbani. Mtoto akakua, akawa wa kukimbia. Mngesema Wakesho anataka nini tena? Lakini asubuhi, akiwa anafagia, angesita ghafla na fagio mkononi, kama mtu aliyeitwa. Mumewe angemuuliza ni nini. Angesema si kitu. Ile nyumba ya juu nyasi zilikuwa zimeota mlangoni, na alizing'oa, zikaota tena, akazing'oa.

Mwishowe alimwambia mumewe, "Mimi sijawahi hata kumshukuru yule mama. Siku zile sikuwa na nguvu ya kusema asante, na nilipopata nguvu nilimzoea."

Mumewe akamwambia aende. Akampa mbuzi mzuri kuliko wote, akamjazia kikapu maharage, akampeleka kwa wachukuzi wa chumvi waliokuwa wakivuka nyika. Wakesho akamchukua Mkamburi, wakavuka. Jua kali, miguu ikavimba, mtoto akabebwa, akatembea, akabebwa. Wakafika.

Nyumba ya Mghoi ilikuwa pembeni ya kijiji, juu ya kijito. Mwadime alikuwa ameketi uani, mguu mmoja umenyooshwa kama gogo. Alianguka miambani mwaka ule ule waliofika, na mguu ukapona vibaya. Ndiyo maana hawakurudi. Kuivuka nyika kwa mguu ule asingeweza.

Na Mghoi? Mghoi alitoka jikoni, mikono ina unga. Akamtazama Wakesho. Akamtazama mtoto. Akanyoosha mikono.

Mkamburi akajificha nyuma ya mama yake.

Hakumkumbuka. Angemkumbukaje? Mghoi akaishusha mikono taratibu, akaifuta unga kwenye nguo, akasema karibuni ndani, mmechoka.

Walipokwisha kula Wakesho alimfungua mbuzi, akamkabidhi Mghoi kamba. Mghoi akamuuliza, "Ni zawadi au ni malipo?"

Wakesho hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Ni malipo, mama. Ya yale maziwa."

"Basi mrudishe kwenu."

Wakesho akasogeza kikapu cha maharage. Mghoi akauliza lile lile, akajibiwa lile lile, na kikapu kikasukumwa kando. Asubuhi Wakesho akachukua jembe ili alime shamba, kama lake lilivyolimwa. Mghoi akamfuata, akalishika jembe mpini.

"Mwanangu," alisema, "ukinilipa leo, kesho utakuja kwangu kwa sababu gani?"

Wakesho akaliachia jembe. Aliketi uani kwa Mwadime, amekasirika kidogo na amehuzunika sana. Mzee akamsemesha polepole. Alimwambia asimlaumu Mghoi, kwani hapa pamemkausha. Walipofika, watu wa kijiji waliwaogopa: wageni wa njaa, hawana kitu, watakuwa wa kuomba kila siku. Mghoi aliyaona macho yale, akaapa hatamwomba mtu hata punje. Na hakuomba. Basi watu nao wakasema huyu mama ana majivuno, hahitaji mtu. Miaka imepita. Hakuna anayewadhuru, hakuna anayewabishia hodi.

"Na unajua anafanya nini?" mzee akasema. "Kila siku anapika chakula cha nyumba mbili. Mkono wake umezoea. Halafu hakuna wa kumpelekea. Kila asubuhi tunakula kiporo."

Wakesho alikuwa amekuja na nia moyoni, nia ambayo hakumwambia hata mumewe. Alitaka kumrudisha Mghoi. Alikuwa ameng'oa zile nyasi kwa ajili hiyo. Sasa aliutazama ule mguu wa mzee, akajua kwamba hatarudi na mtu. Akalia kidogo, akaacha. Halafu akafikiri.

Sikilizeni sasa, maana huyu Wakesho alikuwa mpole lakini hakuwa mjinga.

Chini kidogo, kwenye nyumba ya karibu, aliishi mwanamke jina lake Nambua, mwenye watoto wengi na sauti kubwa. Wakesho akashuka. Akabisha hodi, akasalimu, akasema kwa adabu, "Nimetumwa na mama Mghoi wa hapo juu. Amepata wageni, chumvi imemwishia. Anaomba umsaidie kidogo."

Nambua aliacha kupepeta. Aliuliza ni Mghoi yupi. Yule mama? Yule anaomba chumvi? Kwangu? Akaingia ndani haraka, akatoka na chumvi kwenye jani, nyingi kuliko ya kuazima.

Wakesho akapanda nayo. "Mama, jirani yako Nambua amesikia una wageni. Amekuletea chumvi."

Mghoi akalipokea lile jani. Alilishika muda mrefu. Siku ile mboga ilipoiva alipakua bakuli, akasema kwa kuwa jani halirudishwi tupu, hebu mpelekee yule mwanamke aonje.

Wakesho akapeleka, akarudi. Na aliporudi akasema, "Mama, Nambua anashukuru. Ila anaona haya kukuambia. Mchi wake umepasuka. Anauliza kama unaweza kumwazima wako."

Mngemwona Mghoi. Mwanamke ambaye kwa miaka hakuna aliyemwomba kitu. Aliuchukua mchi, akauosha, akaufuta, akauosha tena. Akaulizia unga wa Nambua ni wa mtama au wa mahindi, kwa sababu mchi huu kwa mtama unafaa lakini kwa mahindi ni mwepesi. Akauliza kama watoto wa Nambua ni wakubwa wa kutosha kumsaidia mama yao kutwanga. Maneno mengi, na yote ya mtu mwenye kiu.

Wakesho akaupeleka mchi, akasema Mghoi ameuleta utumike tu, kwake umekaa bure. Nambua akaupokea kwa mikono miwili.

Sasa nyinyi mnasema, uongo huu utafika wapi? Ulifika kesho yake tu.

Nambua alipanda mwenyewe, mchi begani, unga kwenye ungo, watoto nyuma. Akamkuta Mghoi uani. Wakasalimiana. Nambua akamwambia ameurudisha mchi, na ameshukuru sana, ila alikuwa anajiuliza kwa nini ameletewa, kwa maana wake ni mzima.

Mghoi akasema, "Niliambiwa umepasuka."

"Mimi sikusema hivyo. Mimi nilikupa chumvi uliyoomba, basi."

"Mimi sikuomba chumvi."

Wote wawili wakageuka, wakamtazama Wakesho. Wakesho akayatazama maharage yake, akaanza kuyachambua kana kwamba yana mawe.

Mghoi alikunja uso. Kiapo chake kilikuwa kimevunjwa bila yeye kufungua mdomo, na mbele ya mtu. Mwadime kule kwenye kigoda aliacha hata kupumua. Mghoi angeweza kuingia ndani na kufunga mlango, na ungefungwa hadi leo.

Nambua ndiye aliyesema. Sauti yake kubwa ilikuwa imeshuka. "Mama, huyu ni mwongo. Lakini mimi ile chumvi nilifurahi kuombwa. Nilikuwa nangoja uombe tangu mzee alipoumia. Niliogopa nikija bila kuitwa utanifukuza."

Mghoi akamtazama. "Nami nilikuwa nangoja uje."

Halafu akamgeukia Wakesho, na midomo inamcheza. "Mwongo wangu huyu," akamwambia Nambua, "nilimlea mwenyewe kwa uji." Nambua akacheka, watoto wakacheka bila kujua wanacheka nini, na Mkamburi akatoka nyuma ya mama yake akajiunga nao.

Siku ile kile chakula cha nyumba mbili kililiwa, sufuria ikakwanguliwa.

Wakesho alikaa hadi wachukuzi wa chumvi walipopita tena. Mbuzi na maharage viliachwa, na safari hii Mghoi alipouliza ni nini, alijibiwa ni zawadi, akapokea. Mkamburi alikuwa ameshajua kumwita bibi.

Mghoi alisema atawasindikiza hadi nyika inapoanzia. Lakini hawajafika hata kijitoni, sauti ya Nambua ikasikika kutoka juu. Mawingu yanakuja, mtama uko juani, njoo tuanue. Mghoi akasimama katikati ya njia. Akamtazama Wakesho, akatazama kule juu.

"Nenda, mama," Wakesho akasema.

Wakakumbatiana. Mghoi akapanda mlima kwa haraka, nguo ameikusanya mkononi, anamjibu Nambua kwa sauti, anamwambia aanze na ungo wa mbele. Wakesho alisimama akingoja ageuke mara moja tu.

Hakugeuka. Alikuwa na kazi kwa jirani.

Mkamburi akauliza, "Mama, bibi amefurahi. Mbona unalia?"

"Silii kwa ajili ya bibi," Wakesho akasema. "Najililia mwenyewe."

Akamshika mtoto mkono, wakaingia nyikani. Hawakuonana tena, yeye na Mghoi. Salamu zilipita tu, mwaka hadi mwaka, midomoni mwa wachukuzi wa chumvi: waambie tumeamka salama.

Je, Wakesho alilipa, hakulipa?

Alilipa! Hakulipa!

Bishaneni njiani. Mimi kisa nilikipokea kikiwa na joto, nimekipakua chote, chungu ni kitupu. Kila mtu aende kwake, na mwenye jirani ampitie kwanza.