Gulio Lililokosa Siku

"Mwitikia dua zote hukosa siku ya gulio." Mmeisikia kwa mama zenu asubuhi, mkacheka, na sasa mnaniuliza ilikotoka. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Kule milimani Upare, kijiji cha Mvureni kilikuwa na gulio kila Ijumaa. Diwani wake aliitwa Senzighe, mtu mwema, ila aliogopa kukosa kura kama paka anavyoogopa maji. Uchaguzi ulikuwa umebakiza miezi miwili, na usingizi ulikuwa umemruka.

Siku moja shehe alimwomba neno dogo: gulio lisimame kidogo wakati wa swala ya Ijumaa. Senzighe hakumwacha amalize.

"Kidogo ya nini, shehe wangu? Nalihamishia Jumamosi!"

Akaondoka akitabasamu, kura za msikiti mzima ziko mfukoni. Lakini Jumamosi ni sabato, na Wasabato wa Mvureni siku hiyo hawauzi wala hawanunui. Kabla mzee wao wa kanisa hajafungua kinywa, gulio likawa Jumapili. Walutheri wakaguna, likawa Jumatatu. Hapo Senzighe akakumbuka kwamba wapo Waislamu wanaofunga sunna Jumatatu na Alhamisi, akazifuta zote mbili bila kuombwa na mtu. Jumanne kina mama wa Kilutheri wana maombi. Jumatano kuna kwaya. Tangazo la mwisho ubaoni lilisema gulio litafanyika siku itakayowapendeza wote.

Namkunda, muuza ndizi, alilisoma tangazo hilo mara tatu. Ndizi hazina dini, zinaiva tu. Mikungu minane ilikwisha kumwozea, na nyumba yake nzima ilikuwa ikila ndizi asubuhi, mchana na jioni. Wanawe walianza kumkimbia. Hasira zikampanda.

Jumanne ya mkutano wa kampeni akawakusanya wauzaji wenzake, wakatandaza bidhaa mbele ya jukwaa. Senzighe aliposema "Ndugu wananchi," wananchi walikuwa wamempa mgongo, wanachagua nyanya. Shehe alikuwa akipapasa vitunguu. Mchungaji wa Walutheri na mzee wa Wasabato walikuwa wakigombea fungu la mwisho la tangawizi.

"Mama, leo si mna maombi?" diwani akamuuliza Namkunda.

"Tumeomba tangu alfajiri, mheshimiwa. Tumeomba gulio."

Senzighe akamgeukia shehe. "Si wewe uliyeikataa Ijumaa?"

"Mimi? Niliomba nusu saa, mwanangu. Wewe ukanipa siku nzima, na tangu hapo nyumbani kwangu hatujaonja kitunguu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mchungaji alicheka mpaka tangawizi ikamponyoka, na mzee wa Wasabato akaiwahi.

Senzighe alishindwa uchaguzi ule, maana waumini wote walimnyima kura, kwa mara ya kwanza wakiwa kitu kimoja. Gulio likarudi Ijumaa. Adhana ikitoka, Waislamu hufunika bidhaa zao na kwenda kuswali, na jirani zao Wakristo huzilinda mpaka warudi. Nusu saa tu, basi.

Ijumaa ya kwanza Senzighe alikuja kununua ndizi, macho chini. Namkunda alimwonea huruma, akamwongezea mbili.

"Ulikuwa na haraka, baba. Dua haijaisha, wewe umeshaitikia."

Senzighe akamenya moja pale pale, akatafuna, akacheka mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu ashindwe.

"Kweli, mama," akasema. "Mwitikia dua zote hukosa siku ya gulio."