Alama Aliyoiacha Senebu

Inasimuliwa, na ujuzi wa yote uko kwa Mwenyezi Mungu, kwamba katika Misri ya kale alikuwako mwandishi wa kuta aitwaye Senebu, mja aliyemwabudu Mola mmoja kwa siri. Ada ya nchi ile, jina la mfalme halikuchongwa ukutani ila litanguliwe na alama ya uungu. Senebu alichonga jina, alama akaiacha. Alikusudia. Tena alijua fika kwamba anayeliharibu jina la mfalme hukatwa mkono.

Tangu siku hiyo hakutulia. Kila mlango ulipobishwa, alidhani wamekuja kumkamata. Mara huinuka ashike patasi akaimalize kazi, mara huketi akamwomba Mola msamaha. Mkewe, Meriti, akachoka naye. "Mume wangu, ama nenda ukachonge, ama ukae. Mkeka wenyewe umekwisha kwa kuinuka kwako."

Siku ya tano mfalme akaja kuukagua ukuta. Msimamizi wa kazi, Ipuki, aliyempenda sana Senebu, akamvuta kando. "Nimekwisha kumwambia kwamba ulisahau. Akikuuliza, itikia tu. Neno moja hilo, ndugu yangu, na mkono unabaki wako."

Mfalme akamuuliza, "Ulisahau?"

Senebu alitetemeka, na wala si aibu kulisema hilo. Waja wema nao wana nyama na mifupa. Akajibu, "La, ewe mfalme. Nilikumbuka. Niliogopa kuandika kwamba wewe hufi."

Watu wakainamisha vichwa. Mfalme akaugeukia ukuta wa pili, lilipokuwa jina la baba yake pamoja na ile alama. "Huyu naye aliandikwa hivyo," akasema, "na mimi ndiye niliyemzika."

Kisha akaamuru alama ichongwe na mwandishi mwingine, na Senebu afukuzwe, lakini mkono wake usiguswe. Alama ikachongwa. Senebu, aliyekuwa bingwa wa patasi, akaishi kwa kufyatua matofali ya udongo.

Ndugu zangu, Mola wetu ni Mwingi wa kusamehe, na aliyesahau kweli hana lawama kwake. Lakini sisi, ni mara ngapi tumeulizwa jambo tunalolikumbuka vizuri kabisa, tukajibu kwamba tumesahau?