Koti la Mfamasia Kibona

Hapo zamani, dawa zilipokuwa bado zikitiwa katika bahasha za kaki, paliondokea binti mmoja, Tulinagwe, aliyetaka kuwa mfamasia. Wakamwambia: soma miaka minne. Akasoma. Wakamwambia: fanya kazi mwaka mmoja chini ya mwenye leseni. Akafanya, katika duka la dawa la Mzee Kibona, kwenye mji wa wakulima wa viazi. Wakamwambia: lete daftari la mafunzo lenye saini yake, ndipo ufanye mtihani wa Baraza la Wafamasia. Ikabaki saini moja.

Leseni ya Kibona ilikuwa ukutani, koti lake jeupe msumarini. Mwenyewe alishinda shambani. Koti likiwapo, mji mzima ulihesabu yupo. Aliyehudumia ni Mama Sekela, muuza dawa wa miaka ishirini, asiye na leseni.

Siku moja akaja mteja, Ambakisye, na cheti cha dawa cha mama yake, aliyevimba viungo. Mama Sekela akahesabu vidonge thelathini, akaandika kwenye bahasha: kimoja kila siku.

Tulinagwe akasoma cheti. Daktari ndivyo alivyoandika. Lakini chuoni alifundishwa: dawa ile humezwa mara moja kwa wiki. Kila siku, huua.

“Mama, hii si ya kila wiki?”

“Ee, dokta mtarajiwa! Daktari kaandika, wewe unafuta? Leseni yako iko ukuta gani?” Wateja wakacheka. Mama Sekela akashusha sauti. “Mzee anasaini daftari lako kesho, mwanangu. Hapendi wabishi.”

Tulinagwe akalitazama koti. Akanyamaza. Ambakisye akashukuru, akaenda.

Kesho yake Kibona akasaini. Wiki ileile Tulinagwe akafanya mtihani, akafaulu, akabaki dukani akingoja leseni.

Wiki ya tatu Ambakisye akarudi na bahasha.

“Shikamoo, Mama. Mama yangu hatunaye, tumemzika Jumanne. Mlisema dawa zikibaki turudishe.”

Tulinagwe akavihesabu vidonge. Kumi na vitatu.

“Nilimpa mwenyewe kila asubuhi,” Ambakisye akasema. “Hakukosa hata siku moja.”

Hapo Tulinagwe akamwambia kweli yote.

Daktari alihukumiwa na wenzake. Baraza likawaita watatu wa dukani.

Kibona akasema: “Mkono wangu haukugusa kidonge. Sikuwapo.”

Mama Sekela akasema: “Nilifuata cheti. Mimi sikusoma, aliyesoma alinyamaza.”

Tulinagwe akasema: “Nilijua. Niliogopa kukosa saini.”

Wakamuuliza Ambakisye. “Huyu binti ndiye pekee aliyeniambia ukweli,” akasema. “Lakini aliniambia mama akiwa kaburini.”

Mezani pa Baraza palikuwa na karatasi mbili: leseni ya Kibona, imetolewa ukutani, na leseni ya Tulinagwe, inangoja muhuri.

Haya, ninyi mliokaa hapa: kifo kile tumtwike nani? Na muhuri ule ungekuwa mkononi mwako, je, ungeugonga?