Mbili Iliyowekwa Kichwani

Kijiji kimoja, ndugu zangu, kilikuwa na mahindi ya akiba, debe mia nane sitini na nne, na kaya thelathini na sita za kulishwa mpaka mavuno. Kila kaya ilihitaji debe ishirini na nne. Mtunza ghala, mwalimu mstaafu, akachukua chaki akazidisha kwenye mlango wa ghala, watu wakitazama.

"Sita mara nne, ishirini na nne. Naandika nne, mbili naiweka kichwani."

"Kichwa hicho!" mmoja akapaza sauti. "Hakina mwenzake wilaya nzima!"

Mwalimu akacheka. Sita mara mbili, kumi na mbili. Akaandika kumi na mbili. Ile mbili ya kichwani mnaikumbuka? Yeye hakuikumbuka. Akazidisha na ile tatu, akajumlisha, jibu likatoka mia nane arobaini na nne.

"Tuna debe ishirini za ziada!" akatangaza. Zikapikwa pombe. Watu wakacheza.

Kule mahindi hugawiwa kwa kufuata nani alihamia kwanza. Wa mwisho alikuwa mwanamke mgeni, mwenye watoto wanne. Zamu yake ilipofika, ghalani zilibaki debe nne.

"Mwalimu, zangu nyingine ziko wapi?"

"Mama, hesabu hiyo hapo mlangoni. Labda utuambie wewe ulipita hapa lini ukazichukua."

"Wahamiaji hawa!" wakaguna nyuma yake. "Azichukue hizo nne, ashukuru!"

Akazichukua. Mwalimu akabaki kufunga ghala. Akaitazama chaki yake, akarudia: sita mara nne, naandika nne... Akaiona mbili. Basi akafanya nini? Alimkimbilia yule mama? Akatema mate kiganjani, akaufuta mlango.

Kabla ya mavuno, nyuma ya nyumba ile ya mwisho yalichimbwa makaburi madogo matatu. Kwenye la tatu mwalimu aliombwa aongoze sala. Akaongoza.

Mmekunja nyuso. Mnamhukumu kwa kusahau? Kusahau kunasameheka. Ila kiganja kile, je? Na sisi wiki hii tumefuta nini? Tunasema ni kadogo tu. Mbili ile nayo ilikuwa ndogo, lakini mahali pake ilikuwa ishirini, na ishirini zile zilikuwa chakula cha watoto.

Leo hatutaimba kwanza. Mwenye mtu wa kumwendea humu kanisani, ainuke. Tutangoja.