Kima Huhama na Tunda

Kima huhama na tunda, kuvumwani hubaki na maji. Mmeisikia leo, mkauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Katika milima ya Usambara palikuwa na kijiji, Kwemlunga, ambacho chemchemi yake ilikauka. Watu wakakubaliana kwamba maji yasipopatikana kwa siku tatu, wahame. Neno hilo lilimchoma Mamkunde kuliko wote. Alikuwa mjane, miguu imepooza, na njia ya kuhamia ilipita kwenye majabali ambayo hata mzima huyapanda kwa mikono. Hakuna aliyesema ataachwa. Hakuna aliyesema atabebwa.

Mwindaji Shekiondo alishauri wafuatwe kima. Mnyama huyo huzunguka msitu mzima, alisema, na kiangazi chote manyoya yake yanang'aa. Lazima ana mahali anapokunywa. Vijana wakawafuata siku mbili, shingo zikawauma kwa kutazama juu. Kima wakawafikisha kwenye mkuyu uliozaa. Maji hayakuwapo. Kima walitosheka na tunda na umande wa majani.

Siku ya tatu mizigo ilikuwa imeshafungwa. Mamkunde akamwita Shekiondo, akamwonyesha jabali lililo nyuma ya nyumba yake. Kuvumwani, ule uoto laini kama zulia unaoshika mawe, ulikuwa umekauka ukawa kahawia kote, isipokuwa chini ya ufa mmoja. Hapo ulikuwa kijani kibichi.

"Chimba hapo, mwanangu."

Shekiondo akacheka. "Bibi, tangu vuli hujavuka ua huu. Mimi nimeuzunguka msitu sijaona tone. Wewe maji umeyajulia wapi?"

"Hapa hapa. Ungekaa na jiwe hili kama nilivyokaa mimi, ungeona kuvumwani yote ikifa na hii ikikataa. Haina miguu ya kuyafuata maji, Shekiondo. Ikiwa hai, ujue yamo chini yake."

Shekiondo akachukua jembe, labda ili amnyamazishe tu. Shimo lilipomfika kiunoni udongo uligeuka tope. Lilipomfika kifuani, maji yalibubujika, akaomba kamba avutwe.

Akatoka ametapakaa tope hadi masikioni. Kibuyu cha kwanza alimjazia Mamkunde, kisha akaenda kuufungua mzigo wake mwenyewe, watu wakimtazama. Walipomuuliza mbona hahami, alijibu bila kuinua uso:

"Kima huhama na tunda. Kuvumwani hubaki na maji."